Nani Atangulie Mashineni? Ulinganisho wa Njia za Kupanga Kazi na Kutoa Ahadi

Mteja akiingia dukani hana haja ya kujua mashine imeoshwa mara ngapi leo. Anauliza neno moja tu: "Lini?" Na jibu la hilo "lini" ndilo linalotuponza, maana hutolewa na aliye mbele, kwenye kaunta, ilhali foleni anaijua aliye nyuma, mashineni.

Mimi ni wa nyuma. Kiwanda chetu cha kuchapa ni kidogo, hapa Mombasa si mbali na Mwembe Tayari. Tuna mashine moja ya ofseti inayochapa rangi moja kwa wakati, mashine ya kukatia karatasi, meza ya kufungia vitabu, na mafundi wanne. Tunachapa vitabu vya risiti, kadi za harusi, lebo, mitihani ya shule, vipeperushi. Kila njia nitakayoitaja hapa tumeipitia, nyingine kwa kuchagua na nyingine kwa kukosa akili. Nazilinganisha kwa ajili ya mtu anayetaka kuchagua, awe mchapaji mwenzangu, mshonaji wa sare za shule anayebadilisha nyuzi, au mwenye mashine ya plastiki kule Changamwe anayebadilisha kalibu. Kinachotuunganisha ni kwamba kati ya kazi moja na nyingine kuna muda ambao mashine imesimama, mafundi wanahangaika, na hakuna hata karatasi moja inayotoka.

Muda wa kuandaa hauko sawa kwenda na kurudi

Asiyejua mashine hudhani kubadilisha rangi ni kubadilisha rangi. Sivyo. Ukitoka njano kwenda nyeusi, unaosha rola mara moja, unatia wino mweusi, unaendelea. Masalio ya njano ndani ya nyeusi hakuna atakayeyaona. Ukitoka nyeusi kwenda njano, hapo ndipo utakapojuta. Unaosha, unapitisha karatasi za kutupa, unaosha tena, unaangalia, na bado ile njano inatoka na ukijani wa matope. Unaosha mara ya tatu.

Kwetu sisi, kutoka rangi nyepesi kwenda nzito (njano, kisha nyekundu, kisha nyeusi) ni nusu saa. Kutoka nzito kurudi nyepesi ni saa moja na nusu. Kubaki kwenye rangi ileile ni bure. Wewe pima za kwako kwa saa ya ukutani, usiulize fundi, maana kila fundi atakwambia "dakika kumi tu, bosi".

Hapa ndipo hesabu inapoingia ugumu. Muda wa kuandaa hauwi mali ya kazi yenyewe, unakuwa mali ya jirani aliyetangulia. Kazi sita zinaweza kupangwa kwa namna 720. Kazi kumi, namna 3,628,800. Wanahisabati huufananisha mpango huu na safari ya mchuuzi anayetaka kuizunguka miji yote kwa njia fupi, na ni katika mafumbo magumu waliyonayo. Kwa hiyo usijilaumu ukiwa huupati mpango bora kwa kukuna kichwa. Unachotafuta ni kanuni nzuri ya kufuata.

Jumatatu moja, kazi sita

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Tunafanya kazi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa sita, tunapumzika saa moja, kisha saa saba hadi saa kumi na moja jioni, yaani saa nane za kazi kwa siku. Mashine iliachwa safi Jumamosi. Kazi zimeingia kwenye daftari kwa mfuatano huu:

| Kazi | Rangi | Muda mashineni | Ahadi |
|---|---|---|---|
| Vitabu vya risiti | nyeusi | saa 4 | Jumanne saa sita mchana |
| Lebo za achari | njano | saa 4 | Jumatano saa sita mchana |
| Kadi za harusi | nyekundu | saa 2 | Jumanne saa tano asubuhi |
| Lebo za halwa | njano | saa 1 | Jumatano saa sita mchana |
| Karatasi za mtihani | nyeusi | saa 3 | Jumatatu saa sita mchana |
| Vipeperushi vya duka la simu | nyekundu | saa 3 | Jumanne saa kumi na moja jioni |

Kazi yenyewe ni saa 17. Zinazozidi hapo ni za kuosha, na ndizo tunazogombania. Ahadi nilizoandika ni za kutoka mashineni. Kukauka na kukata nitakuja nako baadaye.

Aliyetangulia ahudumiwe kwanza

Hii ndiyo njia ya duka la chapati, na kwa chapati inafaa. Ina heshima yake: hakuna anayelalamika kwamba fulani kapitishwa kwa sababu ni shemeji ya mwenye duka. Lakini mashineni inakuwa hivi: risiti nyeusi, osha saa moja na nusu, achari njano, osha, kadi nyekundu, osha sana, halwa njano, osha, mtihani mweusi, osha sana, vipeperushi. Saa tano na nusu za kuosha. Mtihani uliotakiwa Jumatatu saa sita unatoka Jumatano asubuhi, umechelewa saa 14 za kazi. Mwalimu hakurudi tena, na namwelewa.

Jambo moja linanikera kuhusu njia hii. Watu huiita haki, lakini mwenye risiti alipata kazi yake Jumatatu saa sita ilhali aliahidiwa Jumanne. Hakuhitaji. Haki aliyopewa yeye imelipwa na mwalimu.

Fupi kwanza

Panga kazi kwa ufupi wake: halwa, kadi, mtihani, vipeperushi, risiti, achari. Mwaka 1956 mtafiti W. E. Smith alithibitisha kwamba kwenye mashine moja, muda wa kuandaa usipobadilika kwa mfuatano, ukitanguliza kazi fupi, wastani wa muda wateja wanaosubiri unakuwa mdogo kuliko kwa mpango mwingine wowote. Unaweza kuuona kwa macho: mwenye kazi ya saa moja akitangulia, anamsubirisha wa saa nne kwa saa moja tu, kinyume chake ni saa nne.

Kwenye mfano wetu wastani kweli unashuka. Kazi ya kawaida inatoka baada ya takriban saa 10 badala ya zaidi ya 13. Lakini njia hii haisomi tarehe. Mtihani unachelewa saa tatu, risiti saa nne, achari saa moja na nusu. Na ina tabia mbaya ambayo siku moja haiioneshi: kazi kubwa inasogezwa nyuma kila inapoingia ndogo, leo, kesho, keshokutwa. Tuliwahi kuwa na oda ya vitabu vya risiti ya kampuni moja ya bandarini iliyokaa rafuni hadi karatasi zikajikunja kwa unyevu.

Itumie pale ambapo wateja wanasubiri wamesimama, kama duka la kutoa kopi na kulamineti. Mwenye karatasi mbili asimsubiri mwenye tasnifu. Kwa kiwanda chenye ahadi za tarehe, siipendekezi iwe kanuni kuu, ingawa nitairudia mahali padogo.

Tarehe ya karibu kwanza

Hii ndiyo inayomjia mtu mwenye busara: angalia nani kaahidiwa mapema, mwanzishe. Mtafiti J. R. Jackson alionesha mwaka 1955 kwamba kanuni hii inapunguza kabisa ule ucheleweshaji mkubwa kuliko wote. Yaani yule mteja atakayeumia zaidi, ataumia kidogo kuliko kwa mpango mwingine wowote.

Nikaisoma hiyo, nikaibandika ukutani. Haikufanya kazi, na ilinichukua muda kujua sababu. Uthibitisho wa Jackson unasimama pale ambapo muda wa kuandaa haubadiliki kwa mfuatano. Kwetu unabadilika. Tazama: mtihani mweusi, kisha kadi nyekundu, kisha risiti nyeusi, kisha vipeperushi vyekundu, kisha njano mbili. Nyeusi, nyekundu, nyeusi, nyekundu. Mashine inaoshwa kama sufuria ya hotelini. Saa tano nzima zinakwenda, na lebo za achari zinatoka saa mbili baada ya ahadi.

Hata hivyo imefanya vizuri kuliko mbili za mwanzo: kazi moja tu imechelewa, na kwa saa mbili. Kama kuosha kwako ni kufupi, usiendelee kusoma, chukua hii. Nitaonesha mbele kwa nini.

Rangi pamoja

Fundi wetu mkongwe aliipenda njia hii kuliko zote, na si vigumu kuona kwa nini: yeye ndiye aliyekuwa akiosha. Anza na nyepesi, malizia na nzito. Njano zote, kisha nyekundu zote, kisha nyeusi zote. Kuosha ni mara mbili, nusu saa nusu saa. Baada ya saa 18 kazi zote zimekwisha, na hakuna mpango utakaoshinda huo kwa kumaliza mapema.

Lakini nyeusi zimekaa mwisho, na nyeusi ndiyo yenye mtihani. Unachelewa saa 10. Risiti nazo saa sita. Mashine imefurahi, mwalimu amelia.

Wenye kiwanda hudanganyika sana hapa, kwa sababu daftari la uzalishaji linapendeza: karatasi nyingi, wino kidogo uliotupwa, vitambaa vichache vya kuoshea. Simu za wateja haziandikwi kwenye daftari hilo.

Rangi pamoja, lakini tarehe ishike usukani

Tunachofanya sasa ni hiki. Chukua kazi yenye tarehe ya karibu zaidi, uiweke mashineni. Ikiisha, kabla fundi hajagusa kitambaa cha kuoshea, uliza: kuna kazi nyingine ya rangi hii? Ikiwapo, iingize, kwa sharti moja, kwamba wale inaowaruka bado wataifikia ahadi yao. Sharti likivunjika, osha. Na ndani ya rangi moja, tarehe zikiwa sawa, fupi itangulie. Ndipo mahali padogo nilipopasema.

Jumatatu saa mbili, mtihani. Unaisha saa tano, saa moja kabla ya mwalimu. Je, kuna nyeusi nyingine? Zipo risiti, saa nne. Zikiingia zinaziruka kadi za harusi. Kadi zitatoka lini basi? Risiti zinaisha saa kumi jioni. Tunaosha saa moja na nusu, sehemu leo na sehemu kesho asubuhi. Kadi zinaanza Jumanne saa mbili na nusu na kuisha saa nne na nusu. Ahadi ni saa tano. Inawezekana, basi risiti ziingie. Baada ya kadi, vipeperushi ni vyekundu pia, vinafuata bila kuosha na kuisha saa nane na nusu mchana. Tunaosha hadi saa kumi. Halwa inatoka saa kumi na moja jioni, na achari zinaanza Jumatano asubuhi zikiisha saa sita kamili.

Hakuna aliyechelewa. Weka njia zote ubavu kwa ubavu:

| Njia | Saa za kuosha | Zote zinaisha baada ya | Zilizochelewa | Iliyochelewa zaidi |
|---|---|---|---|---|
| Aliyetangulia | 5.5 | saa 22.5 | 3 | saa 14 |
| Fupi kwanza | 4.5 | saa 21.5 | 3 | saa 4 |
| Tarehe ya karibu | 5 | saa 22 | 1 | saa 2 |
| Rangi pamoja | 1 | saa 18 | 2 | saa 10 |
| Rangi pamoja, tarehe usukani | 3 | saa 20 | 0 | – |

Angalia safu ya mwisho na ile ya juu yake. Zote mbili zimekusanya rangi. Tofauti ni kwamba hii imeanzia nyeusi na kushuka hadi njano, kinyume na anavyotaka fundi. Tumezilipia saa mbili zaidi za kuosha, na kwa saa hizo tumenunua ahadi mbili. Mimi nitazilipa kila siku.

Kasoro yake? Inahitaji mtu wa kufikiri kila rangi inapoisha. Haibandikwi ukutani ikajiendesha. Na mpango huu umekaza: achari zimemaliza dakika ileile ya ahadi. Stima ikipotea kwa saa moja Jumanne, zimechelewa. Hilo si kosa la mpango, ni kosa la ahadi, na ndiko tunakokwenda.

Ahadi zenyewe: tatu za kuchagua

Badilisha kitu kimoja kwenye ule mfano. Tuseme aliye kaunta, kwa kumfurahisha bibi harusi, alisema kadi zitakuwa tayari Jumatatu jioni badala ya Jumanne saa tano asubuhi. Saa tatu tu za kazi. Nimejaribu kila njia: mtihani lazima utangulie, kadi zifuate kwa haraka, na kuanzia hapo ama risiti, ama vipeperushi, ama achari zitachelewa. Katika zile namna 720 hamna hata moja inayowaokoa wote sita. Mpangaji awe hodari vipi, ameshashindwa kabla ya kuwasha mashine. Ndiyo maana nasema usichague njia ya kupanga kabla hujachagua njia ya kuahidi.

Ya kwanza ni *siku tatu kwa kila mtu*. Rahisi, inakaa kwenye kibao, hata mtoto wa kaunta anaikumbuka. Mwenye kazi ya dakika ishirini anaona mnamcheza shere, anakwenda duka la jirani. Mwenye kazi ya siku mbili anadanganywa. Nayo haijui msimu. Mwezi wa Ramadhani harusi hazifanywi, kadi zinakauka kabisa. Shaabani na Mfunguo Mosi zinamiminika. "Siku tatu" ya Ramadhani ni ndefu mno, na ya Mfunguo Mosi ni ndoto.

Ya pili ni *kuzidisha*: chukua muda wa kazi mashineni, zidisha kwa nne, tuseme. Kazi ya saa moja inaahidiwa baada ya saa nne, ya saa nne baada ya siku mbili. Inamtofautisha mkubwa na mdogo, na ukiifuata kwa kanuni ya tarehe ya karibu, kazi fupi zinapita bila kuwaumiza wengine. Ni bora kuliko ya kwanza. Udhaifu wake ni kwamba inaitazama kazi peke yake, kama vile mashine ilikuwa imekaa ikimsubiri.

Ya tatu ni *kuhesabu foleni*. Saa zilizoko mbele, jumlisha kuosha, jumlisha kazi yenyewe, jumlisha akiba. Inataka daftari moja linaloonekana na wa mbele na wa nyuma. Sisi tumetundika ubao wenye vijikadi vya rangi: kijikadi chekundu kwa kazi nyekundu, na urefu wake ndio muda wake.

Zilinganishe kwa mteja halisi. Jumatatu saa nne asubuhi anaingia mtu na ratiba za dhifa, wino mwekundu, saa moja. Njia ya kwanza inamwambia Alhamisi, ataondoka. Ya pili inamwambia leo saa tisa alasiri. Haiwezekani bila kumvunjia mtu. Ya tatu inaangalia ubao na kuona milango miwili. Akisubiri mwisho wa foleni, baada ya njano kuna kuosha nusu saa, anatoka Jumatano saa nane na nusu mchana. Akiingia pamoja na nyekundu nyingine, anatoka Jumanne saa tisa na nusu, lakini achari zinasogea saa moja ya kazi nje ya ahadi, yaani hadi saa nane baada ya mapumziko. Basi unapiga simu: "Mzee, shikamoo. Zile lebo zako, zikitoka saa nane badala ya saa sita Jumatano, utadhurika?" Mara nyingi hadhuriki, chupa zenyewe hazijajazwa. Akikubali, unamwahidi huyu wa dhifa Jumanne jioni. Asipokubali, ni Jumatano, na unamwambia hivyo usoni.

Kumbuka kwamba rangi ndiyo iliyofungua mlango wa pili. Mtu huyohuyo akija na kazi ya njano ya saa moja, hesabu ni nyingine. Aliye kaunta lazima ajue kuuliza "rangi gani?" kabla ya kusema "lini". Kwetu hilo swali moja limepunguza kelele kuliko kitu kingine chochote.

Kuna hesabu ya haraka ya kujipima kama ahadi zako zina ukweli. Mtafiti John Little aliithibitisha mwaka 1961: idadi ya kazi zilizomo ndani ni sawa na zinazoingia kwa siku mara muda ambao kila moja inakaa. Ukiwa na kazi 12 kwenye rafu na kwa kawaida mnamaliza nne kwa siku, kazi inakaa siku tatu kwa wastani. Ikiwa kaunta bado wanasema "kesho, inshallah", hiyo inshallah inabebeshwa mzigo usio wake.

Akiba je? Usiiweke kidogo kidogo kwenye kila kazi, italiwa bila kuonekana. Iweke mwisho, kati ya mashine na ahadi. Hapa pwani wino wa ofseti hukauka polepole hewa ikiwa na unyevu, na msimu wa masika, Aprili na Mei, karatasi iliyojaa wino huwezi kuikata siku hiyohiyo. Inaachia rangi mgongoni mwa mwenziwe. Kwa hiyo kazi nyeusi yenye maandishi mepesi naiongezea nusu siku, na lebo iliyojaa rangi siku nzima. Stima nayo ina fungu lake.

Au punguza kuosha kwenyewe

Chaguo hili watu hulisahau kwa sababu halifanani na kupanga. Rudia mfano wa Jumatatu, lakini safari hii kila kuosha kuwe nusu saa, kwenda na kurudi. Fuata tarehe ya karibu, ile kanuni ya Jackson, bila kufikiri chochote. Zote sita zinatoka ndani ya ahadi, kwa jumla ya saa 19. Njia yetu ya kukusanya rangi ingemaliza kwa saa 18. Tofauti ni saa moja, na haifai kuumizia kichwa. Kuandaa kukiwa kufupi, kanuni nyepesi inatosha.

Mjapani Shigeo Shingo ndiye aliyeifanya kazi hii kuwa elimu. Kwa maelezo yake, mwaka 1969 huko Toyota walikuwa na mashine ya kukandamiza bati ya tani 1,000 iliyochukua saa nne kubadilishwa kalibu. Wakaishusha hadi dakika 90, na baadaye dakika tatu. Siri yake ya kwanza haikuwa chombo kipya. Alitenganisha yale yanayolazimisha mashine isimame na yale yanayoweza kufanywa ikiwa bado inakimbia.

Tukajitazama. Fundi alikuwa akizima mashine ndipo aende kutafuta pleti, achanganye wino, akate karatasi, atume mtoto dukani kwa mafuta ya kuoshea. Yote hayo sasa yanakuwa tayari mezani kabla kazi iliyotangulia haijaisha. Kuosha kutoka nyeusi kwenda njano bado ni kuosha, rola hazina haraka, lakini ile saa moja na nusu ilikuwa na dakika nyingi za kutembeatembea ndani yake. Kama una pesa kidogo ya kutumia mwaka huu na unafikiria kununua programu ya kupanga kazi, nunua kwanza seti ya pili ya vyombo vya wino na meza yenye magurudumu.

Nani achukue ipi

Mwenye duka la kopi na kazi za papo kwa papo: fupi kwanza, na usiahidi tarehe, ahidi dakika. Mshonaji ambaye kubadilisha uzi kunamchukua dakika tano: tarehe ya karibu, inatosha. Mwenye mashine ya plastiki ambaye kubadilisha kalibu kunakula nusu ya siku, na wateja wake ni walewale kila mwezi: afikirie ratiba ya kudumu, ndoo wiki hii, vikombe wiki ijayo, kama feri ya Likoni inayojulikana inaondoka upande gani, mteja akichelewa anajua anasubiri ya pili. Tulijaribu siku za rangi hapa kwetu, Jumatatu njano, Jumanne nyekundu. Zilidumu wiki tano. Wateja wetu si walewale, na mauti hayaulizi leo ni siku ya rangi gani.

Kwa sababu hiyo tumebakiza kitu kimoja nje ya kanuni zote. Saa ya mwisho ya kila siku, kuanzia saa kumi, haiahidiwi kwa mtu isipokuwa ubao umejaa kabisa. Ni ya ratiba za mazishi, ambazo huja leo na kutakiwa kesho alfajiri, na karibu zote ni nyeusi. Nyeusi ndiyo rangi nafuu ya kuingilia ukitoka rangi yoyote. Ikifika saa kumi na hakuna aliyefiwa, tunaingiza kurasa za vitabu vya risiti visivyo na haraka, mashine inalala na wino mweusi, na yule fundi mkongwe ananung'unika kwamba asubuhi ataanza na kuosha.